Rangi ya Mwezi Gani?

Ukitoka Mikumi kwenda Ifakara, Milima ya Udzungwa inakufuata mkono wa kulia, na ukishavuka Ruaha pale Kidatu, miwa inajaa dirishani. Barabara hiyo nilikuwa naijua kwa picha za satelaiti tu. Kazi yangu ofisini ilikuwa kulinganisha picha za Landsat za miaka ya 1990 na za sasa, nikitazama jinsi mashamba yanavyosogelea msitu wa bondeni na jinsi tambarare ya Mto Kilombero inavyobadilika rangi. Sasa nilitumwa nikahakiki ramani yetu kwa miguu, kabla kijiji kimoja ng'ambo ya mto hakijaanza kupanga matumizi ya ardhi yake.

Ofisini nilishangaa kwa nini watu wanaligombania bonde hili. Nilipofika sikushangaa tena. Udongo ni mweusi, maji yapo, na kila mwenye haja na ardhi ana sababu ya kweli. Kuna viwanda vya sukari na wakulima wadogo wanaoviuzia miwa. Kuna mashamba ya mitiki. Kuna mpunga, ambao ndio uhai wa Ifakara. Kuna wafugaji waliohamia na ng'ombe wao, wakakutana na operesheni ya kuondoa mifugo ya mwaka 2012, ambayo watu wanaisimulia mpaka leo kama ya jana. Kuna sheshe, swala ambaye sehemu kubwa ya jamii yake duniani iliishi humu, na kwa ajili yake na ndege wa majini karibu kilomita za mraba 8,000 za bonde ziliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani mwaka 2002. Na chini kabisa, kwenye Rufiji, kuna Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115, linalotegemea sana maji yanayotoka hapa.

Ng'ambo ya mto tulipokewa na mtendaji wa kijiji, tukaingia mbugani kwa bodaboda. Ilikuwa kiangazi. Nikatandaza ramani juu ya tenga la samaki mbele ya mzee mmoja Mndamba aliyekuwa akishona wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hapa tulipo ni wapi humo?"

Nikamwonyesha. Ilikuwa njano: shamba la mpunga. Akainamia ramani kwa muda, kisha akauliza, "Hii rangi ni ya mwezi gani?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa swali hilo, na ni swali la kitaalamu kuliko mengi niliyoyasikia kwenye semina. Masika mbuga hii hufunikwa na mawingu, na Landsat haioni kupitia wingu. Kwa hiyo picha safi tunazozichagua karibu zote ni za kiangazi, na ramani nzima inakumbuka msimu mmoja. Satelaiti za rada kama Sentinel-1 zinapenya mawingu na kuonyesha maji yalipofika, lakini hata hizo haziwezi kusema nani anatumia nini. Mzee alinieleza bila kuacha kushona: Desemba na Januari hapa hupandwa mpunga, Machi hadi Mei maji yakitanda, wavuvi hupiga dago, yaani kambi zao za uvuvi, kwenye vichuguu na kufuata kambale, na mpunga ukishavunwa, ng'ombe huingia kwenye mabua. Ardhi moja, watu watatu, na kwa miaka mingi walipishana.

Tukipaka njano peke yake, mfugaji na mvuvi wanageuka wavamizi mahali walipokuwa na zamu yao. Naamini ugomvi mwingi tunaouita wa wakulima na wafugaji unapikwa mezani namna hii, na anayeupika ni mtaalamu mwenye nia njema. Sheria haimlazimishi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu vijiji jirani kupatana juu ya matumizi ya pamoja, na inatambua mapatano kati ya wakulima na wafugaji. Kinacholazimisha ni haraka, na jedwali lenye nafasi ya tumizi moja kwa kila eneo.

Mkutano wa kijiji ulifanyika chini ya mwembe. Tuliitundika ramani kwenye shina lake, na pembeni tukaandika miezi kumi na miwili kwa kalamu nene. Wanawake waliokodi mashamba walisema kwanza: mpunga wao hupandwa mwisho, kwa hiyo huvunwa mwisho. Wafugaji wakataka kuingia mwanzoni mwa Julai. Wakulima wakasema katikati ya Julai, na si siku moja kabla. Wavuvi walitaka dago zao zichorwe, kila moja kwa jina lake, na njia ya kuzifikia isilimwe. Hilo la dago lilipita siku ileile. La Julai mwenyekiti alilirudisha kwa wazee wa pande mbili, wakae wenyewe kwanza, halafu walilete kwenye mkutano mkuu ujao.