Boneti ya Guka

Ukiacha chuo kwetu, unageuka kuwa mtu mwenye muda. Mzigo umefika stejini? Nitatumwa mimi. Nikisema huwa naandika, naitikiwa ile "sawa" ya kumtuliza mtoto. Ndiyo maana nilipigiwa simu nipande matatu hadi Ol Kalou, nikafungue boneti ya Land Rover ya marehemu guka.

Hiyo pikapu imesimama nyuma ya boma miaka minane. Ni ile ya zamani kabisa, taa mbili zimekaa karibu na pua, kabla hazijahamishiwa kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Kuna msee wa kununua magari ya kale alikuwa anakuja Jumamosi, na bila kuona injini hatoi hela. Wajomba walishapata mtu wa vyuma kuukuu, anayepima kwa kilo. Tofauti ya hizo bei mbili ni goti la shosho, ambalo daktari anataka kulipasua.

Watu hudhani Land Rover haishiki kutu. Ni kweli nusu. Ilipozinduliwa mwaka wa 1948, chuma kilikuwa cha mgao Uingereza baada ya vita, kwa hivyo mwili ukavishwa alumini. Lakini fremu, bolti na kishikizo cha boneti ni chuma. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu, vinakulana polepole, na Ol Kalou unyevu ni bure.

Kufuli yenyewe si kitu cha ajabu: pini chini ya boneti, kishikizo kwenye paneli ya mbele, springi, na mkono mdogo unaousukuma kwa kidole. Wangu haukusonga hata kidogo. Nikang'oa wavu wa mbele nipate kuzifikia nati mbili kutoka chini, nikazisugua kwa brashi ya waya, kisha nikazipaka asetoni na mafuta ya gia otomatiki, nusu kwa nusu. Hiyo dawa hupenya vizuri, ila asetoni inashika moto haraka, usiivutie sigara. Nikaiacha ilale.

Asubuhi fundi wa pale senta akaja na mtungi wa gesi. "Kijana, hii ni dakika mbili." Nikamwambia hapana, mzee wangu. Alumini huyeyuka karibu nyuzi 660, na haigeuki nyekundu kukuonya kama chuma. Ungeona tu shimo. Alinitazama kama anayejiuliza niliacha chuo gani, akakaa kwenye ndoo kuniangalia.

Nati ya kwanza niliigonga kwa nyundo ndogo, mara nyingi, taratibu. Halafu nikaikaza. Ndiyo, kukaza kwanza, hata robo ya robo ya mzunguko, ndiko kunavunja kutu. Ukilazimisha kulegeza moja kwa moja bolti inakatika. Ikalia kama mlango wa kanisa, ikaja.

Ya pili kona zilishaliwa na spana ya mtu mwingine, ikawa inateleza tu. Nikafunga kitambaa kwenye blade ya hekso na kukata, mvuto mmoja mmoja, maana nafasi ilikuwa ya vidole viwili. Saa tatu nzima. Shosho alileta chai mara mbili, akiegemea mkongojo, bila kuuliza imebaki ngapi. Fundi alinipokea mara moja, mkono uliposhikwa na ganzi.

Boneti ilipoinuka, kiota cha panya kilianguka kwenye viatu vyangu. Injini ilikuwepo, nambari inasomeka ukiipangusa. Mjomba mkubwa akapiga makofi.

Shosho akasogea, akainama kadiri goti lilivyomruhusu, akaangalia kwa muda mrefu. Alikuwa akimshikia guka tochi miaka hiyo yote. Analijua hilo gari kuliko sisi.

"Na kabureta?"

Hapakuwa na kabureta. Palikuwa na nafasi yake, na bolti nne zilizofunguliwa vizuri, kwa spana ya saizi yake. Mjomba aliacha kupiga makofi, akatoa simu mfukoni, akaanza kutembea kuelekea getini.