Swali la 19

Wadau, wiki hii nimekesha na karatasi moja ya maswali. Inaitwa EDE-Q. Waliitunga Christopher Fairburn na Sarah Beglin, ikatoka mwaka 1994, na kazi yake ni kupima dalili za maradhi ya ulaji. Toleo linalotumika sana lina maswali 28 kuhusu siku 28 zilizopita, na mengi yana alama kuanzia 0 hadi 6.

Swali la kwanza linataka kujua ni siku ngapi umejaribu kwa makusudi kupunguza chakula kwa ajili ya umbo au uzito. Kwa binti mwembamba anayejinyima mpaka anaanguka, hiyo ni dalili. Sasa mpe karatasi hiyohiyo mtu wa kilo 120 ambaye daktari kamwambia apunguze wali. Akitii kila siku anapata 6! Huyo ni mgonjwa wa ulaji au mgonjwa mtiifu? Na akijibu kwamba hapendi umbo lake... konda kila siku anamdai nauli ya watu wawili, ulitaka alipende?

Kwa mtu mnene, mimi naona jibu liko kwenye maswali ya kula kwa kufululiza. Hayo nayo yana mtego. Wanauliza kama umekula chakula ambacho wengine wangekiona kingi mno. Kingi kwa nani? Kwenye sinia la watu sita hakuna anayehesabu matonge. Linalofuata ndilo zito: ulihisi umeshindwa kujizuia? Tangu mwaka 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, unaitambua hali hiyo kama ugonjwa kamili, ikitokea walau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Si wanene wote wanao, na wembamba wapo wanaougua.

Binamu yangu (karuhusu niandike) anakwenda kliniki ya presha kila mwezi. Anapimwa uzito, unaandikwa, anaambiwa aache chipsi, anarudi nyumbani. Miaka sasa. Juzi nikamsomea maswali, nikayageuza Kiswahili papo hapo. Kwenye kushindwa kujizuia akasema, "Yaani mkono unakwenda wenyewe." Tukaendelea. Nikamuuliza ni siku ngapi amekula kwa kujificha.

Akanyamaza. Kisha, "Nani kakwambia?"

Nikamwonyesha karatasi. Swali la 19, dada. Wanaulizwa wote.