Vita vya angani vyatazamwa Samburu

Msomaji, ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi ukaipita Mariakani na malori yake, minazi hupungua, miti ya miiba huongezeka, na punde si punde umo Samburu. Usiichanganye na Samburu ya Maralal. Hii ni ya Kwale, nchi ya Waduruma, ambako mbuzi huvuka barabara bila haraka na wakati wa kiangazi mitungi ya maji hupanga foleni kabla ya jua kuchomoza. Mbingu yake ni pana. Ndege ikipita kuelekea uwanja wa Moi, Mombasa, watoto huiandama kwa macho mpaka inapotea.

Nilifika huko Jumamosi moja isiyokuwa na mpira, na mwenye kibanda cha video alikuwa akipiga miayo. Nikamwomba atuonyeshe filamu niliyokuja nayo, ambayo leo nakupendekezea wewe na jamaa yako: The Memphis Belle, ya mwaka 1944.

Huenda jina la William Wyler hulikumbuki, lakini Ben-Hur bila shaka unaijua. Ndiye huyo huyo aliyeiongoza. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa mwanajeshi wa Marekani, akapanda ndege za mabomu zilizokuwa zikiruka kutoka Uingereza kwenda kushambulia Ujerumani, kamera mkononi. Mpiga picha wake mmoja, Harold Tannenbaum, hakurudi. Ndege aliyokuwamo ilitunguliwa.

Filamu yenyewe hudumu dakika zipatazo 40, na picha zake ni za rangi. Inafuata ndege moja aina ya B-17 na vijana wake 10 katika safari yao ya 25, kwenda kupiga bandari ya Wilhelmshaven. Waliokamilisha safari 25 waliruhusiwa kurudi kwao, na wengi hawakuzifikisha. Utawaona wakiwa juu mno, wamevaa barakoa za oksijeni, baridi ikigandisha vidole, moshi wa mizinga ukifumuka pande zote. Kisha ndege ya wenzao inaanza kuzunguka ikianguka, nao wanahesabu miavuli inayofunguka. Mle kibandani hakuna aliyekohoa.

Enyi wanafunzi, itazameni kwa jicho la makini pia. Picha zile zilichukuliwa katika safari kadhaa, wala si siku moja. Kamera zao hazikunasa sauti, hivyo maneno ya wanajeshi yalirekodiwa baadaye Hollywood. Isitoshe, ndege iitwayo Hell's Angels ilitimiza safari 25 siku chache kabla ya Memphis Belle. Serikali ilihitaji mashujaa, na filamu ikawapatia.

Ilipomalizika, mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango aliuliza, "Sasa mwanangu, waliokuwa kule chini mbona hatuwaoni?"

"Babu, wale walikuwa maadui," akajibu kijana mmoja.

"Na Malindi nako kulikuwa na maadui?"

Kijana akanyamaza. Mzee akaeleza kwamba marehemu baba yake alikuwa askari wa Keya, akapelekwa Burma, na ndiye aliyemsimulia jinsi mabomu yalivyoanguka Malindi.

Mzee hakukosea. Mnamo Oktoba 1940 ndege za Italia, nchi iliyokuwa ikitawala kusini mwa Somalia, zilidondosha mabomu Malindi. Mwaka huo huo askari wa Afrika Kusini walishukia bandari ya Mombasa, wakapanda gari la moshi kwenda bara kwa reli hii hii inayopita Samburu, na ndege za kwao zikawa zikipiga ngome za Waitalia kutokea Kenya. Vita vile vilipita mlangoni petu, ila hakukuwa na Wyler wa kumpiga picha mvuvi wa Malindi akitazama juu.

Nakiri, msomaji, kwamba nilikuwa nimeitazama filamu ile mara tatu, na mara zote nilikaa ndani ya ndege pamoja na wale vijana, nikiomba warudi salama. Sikuwahi kusimama chini. Ilibidi nifike Samburu.

Kwa hivyo itafute. Ilitengenezwa na serikali ya Marekani na haina haki miliki. Kwenye intaneti unaipata bure. Mzazi, kaa na watoto, maana wamo majeruhi. Ikimalizika, waulize swali la mzee, kisha kama nyumbani kuna babu au nyanya, mwambieni naye asimulie aliyosikia kwa wazazi wake.

Nilipotoka kibandani ndege ilikuwa ikipita. Watoto waliipungia mikono. Mzee naye aliinua macho, akaitazama mpaka ikapotea.