Tarehe Kumi na Tano ya Agosti Mjini Mvita

Kila ufikapo mwezi wa Agosti, skuli zikiwa zimefungwa, huwachukua wanafunzi wa chuo changu kwenda kuitazama ngome ya Mombasa. Juu ya mlango wake mkubwa liko jiwe lililochongwa maandishi ya Kireno ya mwaka 1635, ambamo kapteni mmoja ajisifu kuwa ameijenga upya ngome na kuitiisha pwani. Watoto hupita chini yake mbio, wakikimbilia mizinga. Mimi huwasimamisha hapo kwanza, kwa kuwa jiwe lile halifahamiki ila kwa habari ya siku moja iliyoujia mji huu mara mbili.

Tarehe 15 Agosti kwa Wareno ni sikukuu ya Bibi Maryamu. Siku hiyo, katika mwaka 1505, Francisco de Almeida aliingia Mvita kwa moto na upanga, akitoka Kilwa ambayo alikwisha kuiteka mwezi wa Julai. Mvita wakati ule ulikuwa mji mdogo kwa kipimo chetu cha leo. Mtu mmoja aliyekuwa katika merikebu zile, Mjerumani aitwaye Hans Mayr, aliandika kuwa wakazi wake walipata kama 10,000, na kwamba mlikuwa na nyumba za mawe na chokaa, nyingine za ghorofa tatu, na vichochoro vyembamba. Wenyeji walikataa kusalimu amri. Nyumba za makuti zikatiwa moto usiku, na alfajiri askari wakaingia mjini huku wakivurumishiwa mawe kutoka madarini. Kwa hesabu ya Wareno wenyewe, wao walikufa wachache sana, na wa mjini wakapindukia elfu. Nguo za Kambaya zilizokuwa zikingoja kupelekwa Sofala zikachukuliwa. Mfalme wa Mvita akampelekea mwenziwe wa Malindi barua ya kumweleza maangamizi yale, ilhali Malindi ndiyo iliyokuwa rafiki ya Wareno. Sijui aliisoma kwa moyo gani.

Hapa hupenda kuwakumbusha vijana kuwa tarehe hii ni ya hesabu ya Wareno. Kwa hesabu yetu ya mwezi, siku ile iliangukia katikati ya Mfungo Sita wa mwaka 911, yaani siku zile zile za mazazi ya Mtume wetu (s.a.w.). Na siku ya pili nitakayoitaja iliangukia Mfungo Nne wa mwaka 1041. Basi kwa wazee wetu hazikuwa siku moja. Ni Wareno waliozifanya moja.

Ngome ilianzwa mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliana Giovanni Battista Cairati, na ukoo wa wafalme wa Malindi ukahamishiwa Mombasa. Ule urafiki haukuwafaa kitu. Mfalme Hasan bin Ahmad aligombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, na huko akauawa mwaka 1614 kwa hila ya Wareno. Kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, mtoto wa miaka kama saba, naye akapelekwa Goa. Akalelewa na mapadri wa Augustino, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo, akafunzwa Kireno na ubaharia. Aliporudishwa kutawala Mombasa, alikuwa Mkristo juu ya kiti cha baba yake Mwislamu. Raia hawakumwamini, na Wareno walimdharau. Kisha akaonekana akisali kwa Kiislamu penye kaburi la babake, na habari zikamfikia kapteni Pedro Leitão de Gamboa, aliyekusudia kumrudisha Goa akahukumiwe.

Yusuf hakungoja. Katika sikukuu ile ile ya Agosti, mwaka 1631 (vitabu vingine huandika tarehe 15 na vingine 16), aliingia ngomeni na watu wake, akamchoma kapteni kwa mkono wake mwenyewe, akaurudia Uislamu waziwazi.

Nifikapo hapa wavulana hushangilia. Mwaka mmoja nami nilitaka kuishia hapo, lakini binti mmoja aliyekuwa nyuma akauliza, "Maalim, na wake zao na watoto wao walikwenda wapi?"

Ningaliweza kumwambia kuwa habari nyingi za siku hizo zatokana na mashahidi waliohojiwa Goa, tena Wakristo. Hilo ni kweli. Lakini haikunipasa kujificha nyuma yake. Waliokimbilia nyumba ya mapadri walitolewa, wakauawa. Wanawake waliokataa kuiacha dini yao waliuawa pia, na watoto hawakusalimika. Waliokufa walizidi watu 100, wala hawakuwa Wareno tu, bali na Waafrika waliobatizwa. Nilimwambia hivyo mbele ya wenziwe wote, kisha nikawaambia kuwa Mtume alikataza kuua wanawake na watoto vitani, na Kurani yakataza kumlazimisha mtu dini. Na kwamba dhuluma aliyotendewa Yusuf utotoni, iliyokuwa kubwa, haikumhalalishia hayo. Kijana mmoja alinuna hata tulipofika nyumbani. Mzazi wake naye alikuja kesho yake kunilaumu kuwa namwaibisha shujaa wa Waislamu. Tuliongea sana, hatukupatana.

Wareno waliuzingira mji mwanzo wa mwaka 1632, wakashindwa. Lakini Yusuf mwenyewe aliondoka mwaka ule ule, baada ya kuibomoa ngome na kuuharibu mji, akawa akizunguka baharini akipigana nao. Alifariki Jeddah mwaka 1638. Waliobaki Mvita ndio waliorudiwa na Wareno, na ndio waliotiishwa kama lisemavyo jiwe la mlangoni. Hawakutoka mikononi mwao mpaka Desemba 1698, Waomani walipoiteka ngome baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Waingereza waliifanya gereza, na tangu 1960 imekuwa nyumba ya makumbusho.

Yule binti alinakili maandishi ya jiwe katika daftari lake, herufi kwa herufi, ingawa hakijui Kireno. Tulimngoja mlangoni mpaka akamaliza, kisha tukaenda kusali Alasiri.