Baba wa Shiraz, mama asiyetajwa

Hapa Himbi mtu huulizwa "Wewe ni wa wapi?" hata kabla ya kuulizwa jina lake. Kwa jibu lake, hukaribishwa au hutiliwa shaka. Baba yangu ni mzaliwa wa Masisi, mama yangu ni wa kisiwa cha Idjwi. Lakini tangu utoto nilifundishwa kutaja upande wa baba peke yake. Ndiyo sababu nilivutwa na historia ya watu wa pwani ya Afrika Mashariki ambao, kwa karne nyingi, wamelijibu swali hilo kwa kusema: "Sisi ni Washirazi."

Shiraz ni mji wa Uajemi, nchi iitwayo leo Irani. Masimulizi ya Kilwa yanaeleza kwamba Ali bin Hassan, mwana wa sultani wa Shiraz, alivuka bahari akakinunua kisiwa hicho kwa nguo. Huko Unguja, watu wa Makunduchi wangali wanaadhimisha Mwaka Kogwa, sikukuu yenye asili katika Nauruz, mwaka mpya wa Waajemi. Hata siasa ilichukua jina hilo: mwaka 1957 kilizaliwa chama cha Afro-Shirazi.

Wanahistoria wengi wa karne ya 20 waliyatilia shaka masimulizi hayo. Walisema kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu, na kwamba "Shirazi" lilikuwa jina la heshima tu. Kisha, mwaka 2023, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa chembe za urithi za watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800. Ikadhihirika kwamba wazee hawakusema uongo: tangu karibu mwaka 1000, watu kutoka Uajemi walioana na Waafrika wa pwani. Lakini mifupa ilifunua pia jambo ambalo masimulizi yalilinyamazia. Damu ya Kiajemi ilitoka hasa kwa wanaume. Damu ya Kiafrika ilitoka hasa kwa wanawake.

Basi mababu walikumbukwa kwa majina na kwa mji wao, nao mabibi hawakutajwa. Hata hivyo, mabibi hao hawakupotea. Watoto walizungumza lugha ya mama zao. Kiajemi kiliacha maneno tu ndani yake: bandari, nanga, dirisha, serikali. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliileta lugha hiyo hadi Nyangwe na Kasongo, na leo ndiyo inayowawezesha Wanande, Wahunde, Washi, Wahavu, Wahutu na Watutsi kuelewana katika soko moja la Goma. Urithi ulioenea mbali kuliko wote ulitoka kwa wale ambao hakuna aliyejivunia asili yao.

Siwadharau Washirazi kwa kumkumbuka baba yao. Kumbukumbu yao ilikuwa ya kweli. Ila ukweli wa nusu, ukisemwa peke yake kwa muda mrefu, humgeuza jamaa kuwa mgeni. Katika mji wetu, ambako asili ya mtu imekwisha kuwagharimu wengi makazi na hata uhai, nusu hiyo ni hatari. Siku hizi nikiulizwa, natamka Masisi na Idjwi pamoja. Jibu hilo haliwaridhishi wote; wapo wanaodhani kwamba ninajificha. Lakini siwezi kumfuta mama yangu ili nieleweke upesi.

Kikundi chenu kitakapokutana, kila mmoja ataje jina la mama wa bibi yake na mahali alipozaliwa. Atakayeshindwa na aende nyumbani akaulize, maadamu wazee wangali hai.