Mti wa Barabarani

Mwishoni mwa Februari jua hupita karibu na utosi wa Dar es Salaam. Saa sita na nusu ya mchana kuta za mji hazina kivuli cha kumpa mtu; jumba la ghorofa kumi na kibanda cha mabati huwa hali moja, kwa kuwa kivuli cha kila kimoja kimejikunja chini ya kuta zake. Saa hiyo mwenda kwa miguu hana rafiki ila mti. Huonekana akivuka barabara pasipo haja yo yote upande wa pili, akaingia chini ya mwarobaini mmoja, akafuta jasho, kisha akavuka tena kuufuata mwingine. Njia yake haikuchorwa na mhandisi wa mji. Ilichorwa zamani na mtu aliyechimba mashimo na kutia miche, ambaye aghalabu jina lake halikuandikwa po pote.

Kwa hiyo swali la mti gani upandwe barabarani si dogo kama linavyodhaniwa na wapitao ndani ya magari. Wasimamizi wa miji hulijibu kwa neno moja: upandwe mti mvumilivu, usiodai maji kila jioni wala kupogolewa kila mwezi. Jibu hili lina busara yake, maana fedha za mji ni haba, na mikono ya watunza bustani ni michache kuliko miti. Lakini uvumilivu ni sifa yenye pande nyingi. Mti waweza kuvumilia ukame ukashindwa na maji yaliyotuama. Waweza kuvumilia chumvi ya bahari ukashindwa na kivuli cha jumba. Na waweza kuvumilia kila kitu ulimwenguni, na huo ndio wa kuogopwa kuliko yote.

Mwarobaini wastahili kutajwa kwanza. Asili yake ni Bara Hindi na Burma, ukaja pwani ya Afrika ya Mashariki katika karne ya 19, na watu wakaupa jina la maradhi arobaini ambayo husemwa kwamba waponya. Mizizi yake huenda chini sana, na majani yake huwa mabichi wakati nyasi zimekwisha kuwa vumbi. Dodoma, penye mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, nayo hunyesha kati ya Desemba na Aprili na kuiacha miezi mingine mikavu, mti huu hukaa kama uliozaliwa pale. Mahujaji wanaosimama katika uwanda wa Arafa wameuona pia: katika miaka ya 1980 ilipandwa huko miarobaini ipatayo 50,000, katika joto ambalo miti mingi haiwezi kulistahimili, ili watu wapate kivuli siku moja iliyo kuu katika mwaka.

Hata hivyo mti huu uliostahimili Arafa hufa mahali pa maji. Ukipandwa katika bonde la Msimbazi, pale Jangwani ambapo, kinyume cha jina lake, hufurika mvua za masika zikizidi, mizizi yake huoza. Mtu asiyejua huuona mti umekauka, akadhani umekosa maji, akaumwagia zaidi. Hivyo kabla ya kuuliza mti gani ni hodari yafaa kuuliza ni hodari wa nini, na jibu la swali hilo limo katika udongo wa shimo lenyewe, si katika orodha ya miche.

Wako wengine wenye hodari zao. Mkungu huusimamia upepo wa chumvi bila ya kuungua, na matawi yake hutoka kwa matabaka yaliyolala, kama mwavuli juu ya mwavuli. Kwa kivuli hauna mpinzani ufuoni. Lakini hubadili majani yake mara mbili kwa mwaka. Majani hayo ni mekundu na ya kupendeza, nayo ni mapana kama kiganja cha mtu mzima, tena huziba mifereji siku chache kabla ya mvua. Mwenye kuchagua mti mara nyingi ni mtu wa ofisini. Mwenye kufagia chini yake ni mwanamke mwenye ufagio wa chelewa, saa kumi na moja ya alfajiri. Hakuna ajuaye mti kuliko yeye. Ajua ni upi hudondosha matunda yanayoteleza, ni upi huvunja tawi usiku wa upepo, ni upi huvuta kunguru; na ni nadra mno kuitwa katika baraza inayochagua.

Mkrismasi ulitoka Bukini. Desemba ikifika huwaka kama moto, na kwa wiki chache kila mtaa ulio nao huonekana mtaa wa sherehe. Mizizi yake hupita juu juu ikainua mawe ya njia, na matawi yake ni dhaifu. Ni mti wa uwanja mpana, si wa ukingo wa lami. Mjakaranda wa Nairobi, uliotoka Amerika ya Kusini, huchanua mwezi wa Oktoba na kuipa njia zulia la zambarau. Wenyeji wa mji ule husamehe makosa yake yote kwa ajili ya zulia hilo. Ama ule mti mwembamba wa Kihindi uitwao ashoki, ambao siku hizi hupandwa mistari kwa mistari mbele ya mabenki na hoteli, huo kwa hakika hautaki matunzo mengi. Wala hautoi mengi. Umesimama kama askari wa gwaride, na kivuli chake saa sita hakimfichi hata paka. Ulipendwa kwa kuwa hausumbui nyaya za umeme, haufichi bango la duka, na haumwaliki mtu kukaa. Yamkini sababu hii ya tatu ni nzito kuliko wenye kuupanda wanavyokiri.

Kisa cha Bamburi, kaskazini ya Mombasa, hufundisha habari hii ya uvumilivu kuliko vitabu vingi. Kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe hapo kwa miaka, kikaacha shimo kubwa lenye sakafu nyeupe, lisilo na udongo, jua likilipiga juu na maji ya chumvi yakijipenyeza chini. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda hapo aina 26 za miti ili aone ni ipi ingekubali kuishi. Zilizosalimika zilikuwa tatu: mnazi, mti wa Somalia uitwao damasi, na mvinje. Mvinje ulikua upesi ajabu, kwa kuwa mizizi yake ina vinundu vyenye vijidudu vinavyoipatia chakula cha naitrojeni kutoka hewani. Lakini majani yake membamba yaliyoanguka hayakuoza. Yalilala juu ya mawe kama nywele zilizonyolewa, na msitu mpya ukawa kama nyumba isiyo na jiko: kila kitu kilikuwamo ila cha kuliwa. Ndipo jongoo wekundu wa pwani walipokusanywa na kuletwa kwa mamia. Walikula yale majani, mavi yao yakawa mboji, na katika mboji hiyo miti mingine ilipata pa kushika. Leo watu hulipa kiingilio kutembea chini ya miti mahali palipokuwa machimbo. Mti uliokuwa mvumilivu kuliko wote haukutosha peke yake. Ulimhitaji jongoo, mdudu ambaye watoto humchokoa kwa kijiti.

Ajabu nyingine ni hatima ya mmoja wa wale watatu. Damasi na ndugu yake ilipandwa kwa wingi katika miji ya Ghuba, penye joto na chumvi. Ikastawi. Kisha watu wakaanza kulalamika kwamba mizizi yake hutafuta mabomba ya maji chini ya njia, ikapenya viungo vyake na kuyaziba. Shujaa wa machimbo alikuwa mwizi wa mtaani. Mti ni ule ule na tabia ni ile ile: kutafuta maji mpaka uyapate.

Tena katika machimbo hayo ya Mombasa, mwaka 1973, uliletwa mti mwingine, mwiba wa Amerika ambao Wakenya waliupa baadaye jina la mathenge. Nao ulisifiwa kwa sifa zile zile zinazotakwa na wasimamizi wa miji: hauogopi ukame, chumvi wala mbuzi, na hauhitaji mtu. Mapema katika miaka ya 1980 ulipandwa Baringo ili uzuie jangwa na kuwapa watu kuni. Haukuhitaji mtu, na baada ya muda haukumtaka. Ulifunga malisho, ukaziba njia za kwendea ziwani, na miiba yake ikatoboa magurudumu na miguu. Maganda yake yana sukari. Mbuzi waliyapenda, wakaharibika meno, na mbegu zikasafiri ndani ya matumbo yao mpaka mahali papya. Mwaka 2006 wananchi wa Baringo waliishtaki Serikali mjini Nairobi, wakamleta mahakamani mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Watu walicheka, na yafaa kucheka, maana mbuzi katika ukumbi wa sheria si jambo la kila siku. Lakini mwenye mbuzi hakuwa na la kuchekesha nyumbani.

Mwarobaini wenyewe haukosi chembe ya tabia hii. Ndege na popo hula matunda yake, wakasia mbegu katika vichaka vya pwani ambako hakuna aliyeupanda. Barabarani, katikati ya zege, tabia hii hufungwa kama mbwa kwa mnyororo; lakini mji una kingo, na mbegu hazijui mpaka wa manispaa.

Basi je, miti ya nchi yenyewe? Mkwaju huishi zaidi ya miaka mia, hausumbuliwi na upepo, na ukame ni desturi yake. Mtondoo huota mchangani karibu na maji ya bahari tangu kale. Mkuyu hauhitaji kusifiwa: Novemba 2020, njia kuu mpya ya juu ilipokuwa ikijengwa Nairobi, mkuyu mmoja mkubwa, wa jamii ambayo Wakikuyu huiita mugumo, ulisimama katika njia ya mashine penye barabara ya Waiyaki. Miti mingi ilikuwa imekwisha kukatwa. Huo ulitolewa tamko, ukaachwa, na wahandisi wakatafuta jinsi ya kuupita. Hakuna mkrismasi uliopata heshima hiyo.

Miti ya namna hii ina kosa moja tu, nalo si lake: hukua polepole. Kiongozi anayepanda mkwaju hatakaa chini yake katika muda wa madaraka yake. Atapigwa picha ameshika mche usiofika gotini, na picha hiyo haina uzuri. Akipanda mjohoro, baada ya miaka mitano ana kitu cha kuonyesha. Kwa hiyo ni haki kuchanganya: mti wa haraka kwa kizazi hiki, na katikati yake mti wa polepole kwa kijacho, kisha ule wa kwanza ukatwe mwenziwe akikua. Kuchanganya kuna faida nyingine. Miji ya Marekani ilipanda elmi mtaa baada ya mtaa, kwa kuwa ilivumilia moshi na lami. Ugonjwa wa kuvu ulioonekana huko mwaka 1930 ukaiondoa mistari kwa mistari. Mwaka 1990 Frank Santamour, mtaalamu wa miti wa nchi hiyo, alishauri mji usiwe na zaidi ya sehemu kumi katika mia za aina moja ya mti. Mtaa wa miarobaini mitupu ni mzuri kuutazama, na ni mji uliotia mayai yake yote katika kapu la chawa mmoja ambaye bado hajafika.

Limebaki jambo ambalo orodha za miti mivumilivu hulinyamazia. Hakuna mti uliozaliwa mvumilivu. Mche wa mwarobaini uliotolewa kitaluni, mizizi yake ikiwa imejizungusha ndani ya mfuko mdogo wa plastiki, ukatiwa katika shimo la upana wa kofia lililochimbwa ndani ya kifusi, hauna tofauti na mche wa mchicha. Hutaka shimo pana, mizizi iliyofunguliwa, samadi, kizuizi cha mbuzi, na maji kwa kiangazi cha kwanza na cha pili, pengine na cha tatu. Baada ya hapo ndipo usemwe kwamba hauhitaji kitu. Kila mwaka miche hupandwa kwa ngoma siku ya kupanda miti, na ifikapo Septemba vijiti vikavu husimama katikati ya barabara kama alama za makaburi ya watoto. Husemwa kwamba mti ule haukufaa. Haukupewa nafasi ya kufaa.

Hata ukoka, nyasi ya nchi, ambao huwa kahawia kiangazini na kuamka mvua ya kwanza bila ya kuitwa, hutaka kupandikizwa na kuachwa usikanyagwe kwa msimu mmoja. Wengi hawana subira hiyo. Huagiza nyasi za kigeni zinazonywa maji ya bomba kila jioni, huku mtaa wa nyuma ukingoja maji hayo hayo kwa ndoo.

Katika mitaa ya Dar es Salaam huonekana kwamba mche uliopandwa katikati ya njia mbili za magari hufa mara nyingi kuliko wenziwe uliopandwa ukingoni, mbele ya meza ya muuza kahawa. Udongo ni mmoja, mvua ni moja, na mti ni wa kitalu kimoja. Ila muuza kahawa huosha vikombe vyake, na hana mahali pengine pa kuyamwaga maji. Huyamwaga shinani. Akiona mbuzi, humfukuza, kwa sababu mwakani atahitaji kuliweka benchi lake hapo.