Ushuru wa soda upimwe kwa gramu za sukari

Nyumbani Tanzania, lawama za ulaji mbaya humwangukia mlaji. Kliniki anaambiwa apunguze sukari, redioni anahimizwa afanye mazoezi, na akipata kisukari jamaa husema hakujizuia. Ushauri huo ni wa kweli, lakini haumgusi aliyeamua sukari kiasi gani iingie kwenye chupa. Huku Uingereza ninakoishi, serikali iliamua kuanza na huyo kwa kumtoza kodi, na naamini ndiyo njia tunayopaswa kuifuata. Soda ya kawaida yenye sukari kamili hubeba kama gramu 10 kwa kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya mililita 350 ina takriban gramu 35. Shirika la Afya Duniani linasema ingefaa mtu mzima asizidishe kama gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Soda moja tu imeshavuka hapo, na kwetu soda ni heshima ya mgeni na kinywaji cha harusi. Tunamtaka mtu mmoja mmoja ashindane na desturi ya ukarimu, kisha tunashangaa anaposhindwa.

Kodi hiyo ya Uingereza, inayotozwa vinywaji kwa sukari iliyomo, ilitangazwa mwaka 2016 na kuanza Aprili 2018. Mwenye kiwanda alitozwa peni 18 kwa lita pale sukari ilipofika gramu 5 katika mililita 100, na peni 24 ilipofika gramu 8. Chini ya gramu 5 hakulipa kitu. Kampuni nyingi zilibadilisha vinywaji vyao hata kabla ya siku ya kuanza: Irn-Bru, soda maarufu ya Scotland, ilishuka kutoka gramu 10.3 hadi 4.7. Watafiti waliofuatilia manunuzi ya kaya waligundua kwamba mwaka mmoja baadaye vinywaji vilinunuliwa kwa wingi uleule, ila sukari iliyokuwa ndani yake ilipungua kwa takriban sehemu moja ya kumi. Tanzania nayo inatoza soda ushuru, lakini kwa lita. Anayejaza sukari tele na anayeipunguza wanalipa sawa, basi apunguze kwa faida gani?

Wapo watakaosema kodi humwumiza maskini. Ingemwumiza kama lengo lingekuwa kupandisha bei tu, lakini kodi yenye ngazi humpa mwenye kiwanda njia ya kuikwepa kihalali, yaani kupunguza sukari. Wengine watasema sukari yetu nyingi iko kwenye chai. Ni kweli, na hapo ushauri wa kliniki una nguvu, kwa sababu kijiko kiko mkononi mwa mnywaji. Sukari ya soda haimo mikononi mwake. Hoja nzito zaidi ni kwamba viwanda huweka vitamu bandia badala ya sukari, navyo si chakula cha afya. Kwa hiyo kodi isiwe kisingizio cha kuacha kuhimiza maji safi shuleni na nyumbani.

Waingereza si walimu wa ulaji bora: zaidi ya robo ya watu wazima wao wana unene uliopitiliza, na walichukua hatua wakiwa wamechelewa. Sisi bado tuna ugali, maharage na mchicha katika nyumba nyingi. Afrika Kusini ilianza kutoza kwa gramu za sukari mwaka 2018, kwa hiyo jambo hili si la nchi tajiri pekee. Wizara ya Fedha itangaze mapema kwamba kipimo kitahama kutoka lita kwenda gramu, na viwanda vipewe muda wa kujirekebisha.